Nilivyoagiza Futari Kibiti

Nawaeleza taratibu, ili nanyi mkipita huku msirudie yangu. Nilikuwa kwenye safari ndefu ya baiskeli, peke yangu, kutoka milima ya Makete kwenda milima ya Matumbi. Nilifika Kibiti jioni, mwezi wa Ramadhani, njaa imenishika kwa sababu migahawa niliyopita mchana kutwa ilikuwa imefungwa.

Kando ya barabara niliona wanaume wameketi jamvini, mbele yao mihogo, kunde na uji. Mmoja mwenye kanzu akaniita, "Karibu, msafiri, kaa ule." Nikashukuru Mungu kwamba angalau mgahawa mmoja umefunguliwa.

Nikala. Nikamwambia kunde hazina chumvi, akaingia ndani akaileta. Nikaagiza bakuli la pili la kunde. Akasita kidogo, kisha akalileta. Walionichanganya ni wale wenzangu wa jamvini: hakuna aliyeagiza chochote, na wote walinitazama kwa upole, kama atazamwavyo mgonjwa. Nikadhani ni kofia yangu ya baiskeli.

Niliposhiba nikauliza, "Bosi, bei gani?"

"Hakuna bei, kaka," akasema mwenye kanzu. "Hapa ni kwangu. Huku tunafuturu nje ili msafiri asipite na njaa."

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka mlangoni, kulekule lilikotokea bakuli la pili.

"Baba Zuhura, hebu mwulize mgeni wako. Zile kunde nilizojiwekea mimi, chumvi ilimkolea?"