Umevunjika

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipewa kuhariri wiki ya timu yetu ya roboti, yaani kurasa za mtandaoni ambamo kila mmoja aliandika alichofanya karakanani. Zilinipandisha hasira. "Bodi imeungua." "Waya umekatika." "Gurudumu limepotea." Kumbe karakana yetu ya Temeke ilikuwa na majini! Nikaandika mwongozo, na kanuni ya kwanza ilikuwa: mtaje aliyefanya. Kutwa nilifuta sentensi za watu, nainuka, nakaa, nainuka tena.

"Braza, punguza munkari," aliniambia msichana aliyeshughulikia umeme wa roboti. Sikupunguza.

Siku tatu kabla ya mashindano, nikiwa peke yangu, niliulazimisha mkono wa roboti uingie kwenye boksi la safari. Ukalia ka! Nilikaa kwenye kompyuta, nikaandika, nikafuta, nikatoka nje, nikarudi, nikaandika.

Kesho yake yule msichana aliusoma ukurasa wangu mbele ya timu nzima: "Mkono umevunjika." Hakucheka. Alibadili neno la mwisho tu, likawa "umevunjwa na", kisha akanisogezea kibodi nimalizie.