Nilimtungia mama maneno ya mjukuu wake

Assalamu alaikum nyote. Nimemuomba mwenye ukurasa anifichie jina, kwa sababu ndugu zangu wengi wa Lamu wamo humu na hili ninaloandika hawalijui. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tano, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, huko huko Lamu. Huu ni mwaka wa kumi na nne niko Uingereza, nafanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi. Nina binti mmoja, nimwite Salma, ana miaka kumi na saba. Baba yake tuliachana zamani, kwa hivyo nyumbani tuko wawili tu.

Salma alikuja huku na miaka mitatu, anasema Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kama watoto wote wa mtaani kwetu. Alipoanza shule akaingiwa na haya. Nikimsemesha ndani ya basi ananiziba mdomo kwa kiganja. Na mimi, niseme ukweli, sikupigania. Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, nikaona afadhali tuzungumze hicho nyumbani ili nijifunze kwake. Nikajifunza, alhamdulillahi. Siku nilipomwambia kwa Kiamu afunge mlango akabaki ananitazama tu, alikuwa na miaka minane.

Mama yangu kule Langoni hakujua Kiingereza hata neno. Nilikuwa nikimpigia kila Jumapili nguo zikizunguka kwenye mashine, naye kwa saa za Lamu ameshaswali alasiri, amekaa anashona kofia. Akimaliza kunijulia hali huuliza, "Na mwanangu yuwapi? Mpe simu." Nampa Salma. Anasema helo, anasikiliza kidogo, ananong'ona neno kwa Kiingereza na kunirudishia. Mama anauliza, "Yuwasema nini?"

Hapo ndipo nilipoanza. Mara ya kwanza Salma alikuwa amesema ana kazi za shule na hana la kuzungumza na mtu asiyemjua. Mimi nikamwambia mama kwamba mtoto amemkumbuka, anauliza kama mguu wake umepoa. Mama akacheka kwa furaha, akamuombea dua ndefu sana. Nikamgeukia Salma nikamwambia bibi anakusalimia. Dua yote ile nikaifanya salamu.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Salma wa kwenye simu anafunga Ramadhani nzima, anamuombea bibi yake kila Ijumaa, anauliza habari za majirani. Salma mwenyewe yuko chumbani na muziki masikioni. Sikuona ubaya wake. Niliona nawapa raha wote wawili.

Mwaka juzi mama akauliza kama mtoto atakuja kumuona shule zikifungwa. Nilimuuliza Salma kwa dhati, akasema hataki, atakaaje wiki sita mahali asipoweza kuongea na mtu? Nikarudi kwenye simu nikasema, "Anasema atakuja, inshallah." Mama akamwambia kaka yangu apake chokaa chumba cha juu. Akawatangazia majirani. Siku zilipokaribia nikasema pasi ya mtoto imechelewa kutoka. Mama akasema hanilaumu, ila tangu siku hiyo atamtumia Salma ujumbe wa sauti yeye mwenyewe, kaka amfundishe kubonyeza.

Alimtumia jumbe kumi na moja. Wa kwanza Salma aliniletea akaniuliza bibi anasema nini, nikamwambia ni salamu. Zilizofuata hakuuliza tena.

Mama amefariki mwaka huu, mwezi wa Shaaban. Alizikwa siku ile ile, mimi nikafika siku ya tatu, wakati wa khitma. Salma alikuwa na mitihani, nilimuacha kwa rafiki yangu. Matangani kila aliyenikumbatia alinitajia Salma. Shangazi yangu alisema hajaona mtoto wa ughaibuni mwenye mapenzi kama yale, na kwamba kila Jumapili mama alikuwa akiwasimulia alichoambiwa na mjukuu wake. Nililia mpaka wakanishika. Wao walidhani ni msiba peke yake.

Niliporudi nilimkuta Salma amebadilika. Anakaa mezani na daftari, anasikiliza jumbe za bibi yake, anaandika anavyosikia, kisha anatafuta maana kwenye simu. Kiamu cha mama kinamsumbua, zile nti za nchi na ndia za njia hazipati popote, inabidi aje kwangu. Wiki iliyopita aliniletea tena ule wa kwanza. Sauti ya mama ikajaa jikoni: "Usilie, mwanangu. Nayua ulitaka kuya. Mamako amenambia."

Salma akaniuliza, "Kwa nini alidhani nalia? Mimi nilisema sitaki kwenda."

Nilimjibu kwamba bibi alikuwa mzee, alikuwa akichanganya mambo. Mama ambaye akili zake zilikuwa timamu hadi siku ya mwisho. Salma akaliandika jibu langu kwenye daftari.

Sasa anataka twende Lamu shule zikifungwa, azuru kaburi, akae na watu wa bibi yake. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemwambia kwamba bibi alimpenda mtoto niliyemtunga mimi, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia neno jema hata moja. Nikinyamaza, atayapata Langoni siku ya kwanza, mbele ya watu, kwa watu wanaomsifu. Na kuna usiku nawaza kumwacha hivyo hivyo, asifiwe, akubali, maana huyu wa sasa angeyasema yale yote kwa kinywa chake kama bibi angekuwepo.

Nyinyi mlio wazazi, na hasa mliokulia mbali na bibi zenu, nionyesheni pa kushika. Nimkalishe nimwambie, au ninyamaze? Mkinitukana nitapokea, lakini nijibuni kabla ya Jumapili. Ameniomba siku hiyo tukae pamoja tusikilize jumbe zilizobaki. Mimi nimeshazisikia zote kwa siri, na zote zinamjibu yule mtoto niliyemtunga.