Notisi Iliyongoja Mazishi

Serah Mbithe alikuwa amechoka kabla siku yenyewe haijaanza. Kutoka Woolwich hadi Kenton ni kuivuka London karibu yote, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameivuka kwenda na kurudi, treni baada ya treni, mkoba mapajani kama mtu anayesafiri na mayai. Leo hakuwa anaenda kazini. Alikuwa anaenda kuambiwa kama bado ana kazi.

Kampuni ilikuwa ya mwanamke aitwaye Pramila, iliagiza mboga kutoka Kenya, na Serah ndiye aliyewaandikia wakulima oda na kuzungumza nao. Kabla ya hapo alikuwa akitunza wazee, mpaka mgongo ukakataa. Mgongo wa miaka hamsini na minne haurudi tena kuwainua watu kitandani. Hilo alilijua bila kuambiwa na daktari. Akiikosa kazi hii, hana nyingine ya kushika.

Mambo yaliharibika Jumatatu moja ya Machi. Pramila alimwagiza amwandikie Nyambura, kiongozi wa wakulima wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, kule Kirinyaga, kwamba oda ya wiki ile imefutwa. Kwa mujibu wa mkataba, notisi ilitakiwa ifike siku hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana. Serah akajibu, "Sawa, Madam," akafungua kompyuta. Halafu akafungua na simu, akakuta picha ya mume wa Nyambura, na chini yake ratiba ya mazishi: Alhamisi.

Sasa wewe ungefanyaje? Kwao Serah, mtu akiwa hajazika, watu humletea unga, sukari na maneno ya kumfariji. Hakuna anayeingia kwenye kilio na barua ya kufuta oda. Mjumbe hauawi, ni kweli, lakini mjumbe wa namna hiyo hata kiti asingepewa. Serah akangoja. Ijumaa asubuhi akatuma notisi, ina pole mwanzoni na pole mwishoni. Wakati huo mishiri ilikuwa imekwisha kuchumwa, imefungwa kwenye katoni, na ndege imekwisha kuondoka. Mkataba ni mkataba. Pramila akalazimika kuipokea, na kwa kuwa hakuwa na mnunuzi, sehemu kubwa ikamwozea ghalani.

Kungoja kwenyewe pengine kungesameheka. Kilichomponza ni kutomwambia Pramila. Pramila alizaliwa Nakuru, akaondoka akiwa msichana, na hadi leo akikasirika Kiingereza humkimbia akarudi kwenye Kiswahili. Serah alimhesabu kuwa mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani haelezwi msiba ni kitu gani. Kuuliza si ujinga, lakini Serah hakuona hata kwamba kulikuwa na la kuuliza.

Asubuhi ile bintiye Maureen alimwambia mlangoni, "Mum, just say sorry." Kiswahili Maureen anakisikia chote, kukijibu ndiko hataki. Samahani Serah angeweza kuisema mara mia, ila hakujua amwambie nani.

Kwenye kikao walikuwa watatu: Serah, Pramila, na mwanamume mwenye miwani aliyekodiwa kuendesha shauri, ambaye aliuliza kwa Kiingereza cha taratibu.

"Ulipewa agizo?"

"Nilipewa."

"Ulilielewa?"

"Nililielewa."

"Ulilifuata?"

"Nililifuata Ijumaa."

Mwanamume yule hakucheka. Serah akaeleza habari za mazishi, kwa kirefu, na alipomaliza yule bwana akaandika maneno machache tu: sababu za kitamaduni. Akaweka nukta. Serah aliiona nukta ile, akahisi uchovu wa miaka kumi na mmoja ukimshukia mabegani.

Ndipo Pramila akaacha Kiingereza. "Serah, hata mimi nimezika. Ungenipigia simu tu. Ulifikiri ningekataa?"

"Nilidhani unajua, Madam."

"Nitajuaje nisipoambiwa?"

Serah akaushika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili.

Uamuzi ukatoka. Atabaki kazini kwa onyo la mwisho, kwa sharti moja. Kampuni haitanunua tena kwa kundi la Nyambura. Hasara ile imetosha. Serah ampigie simu amwambie, sasa hivi, hapa mezani, kisha amwandikie.

"Agizo ndilo hilo," Pramila alisema bila kumtazama. "Ukilifuata, unabaki."

Ningependa kukuambia kwamba Serah alisimama, akavaa koti lake, akawaachia meza yao. Hakusimama. Aliwaza vitanda vya wazee, akauwaza mgongo, akabonyeza namba.

"Mama Maureen!" Nyambura aliitika kwa furaha. "Leo tu nilikuwa nasema, yule mama wa London amenyamaza sana!"

Serah akamjulia hali. Akauliza watoto wanaendeleaje, akauliza kama mvua imefika. Pramila akagonga kalamu mezani. Basi Serah akasema lote, kwamba kwa sababu ya hasara ya mzigo ule, kuanzia leo kampuni haitachukua mishiri yao tena.

"Na ile notisi ya kwanza, Nyambura, niliichelewesha mimi. Sikutaka ikufikie kabla hujazika."

Upande wa pili akasikika mtu akivuta kiti, akikaa.

"Ungeituma tu siku ile," Nyambura alisema, bila hasira yoyote. "Nilikuwa tayari nalia, mama. Ningeyalilia yote mara moja, na wateja tungebaki nao."

Simu ikakatika. Pramila akamsogezea karatasi ya onyo, na Serah akatia sahihi pale alipoonyeshwa.