Profesa wa amani alikataa kujua majina yetu, mgongo wa Osward ukahamia kwa Masanja

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu hapa Sumbawanga, na sehemu ya kosa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kujipamba. Majina ya watu nimebadilisha. Nimeyabadilisha kwa uangalifu mkubwa, na mkisoma mtaelewa kwa nini.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la sita, miguu tu haikukubali kukaa. Nimeanika dagaa Kirando, nimebeba mizigo ya Kongo bandarini Kasanga, nimeendesha bodaboda mjini mpaka mwenye pikipiki akaja kuichukua. Ila nikiona kitu nisichokijua, lazima niulize. Huo ndio ugonjwa wangu.

Msimu wa mahindi uliopita nilikuwa kibarua kwenye ghala la Mama Leonsia, kazi yangu kufagia. Siku moja akaingia mama mtu mzima, miwani, raba, begi mgongoni. Akajitambulisha kuwa ni profesa.

Nikasema, "Shikamoo mama. Profesa wa nini?"

"Marahaba. Wa mawasiliano."

"Ya simu?"

"Ya watu."

Hapo nikaacha ufagio.

Ni mzaliwa wa Nkasi, ila ameishi mbali miaka mingi. Kifipa chake kilikuwa cha zamani mno, vikongwe sokoni walikuwa wanamwomba arudie waendelee kucheka.

Historia yake ya kazi nilimchimba mpaka akachoka. Alianza kwa kufundisha vijana chuoni kuzungumza mbele za watu. Baadaye akaona kwamba kazini watu wengi hawagombani kwa sababu ya kazi, wanagombana kwa sababu ya namna walivyoambiwa. Akazama humo: maadili ya kazi, bosi anasema nini, mfanyakazi ananyamazia nini. Kutoka hapo akaingia kwenye masomo ya amani, akawa anakwenda nchi zilizotoka vitani kusikiliza watu waliochomeana nyumba wanavyoanza kusalimiana tena.

Utafiti wake wa mwisho kabla ya kustaafu aliamua kuufanya nyumbani, kwa makuli wa mahindi.

Nikamuuliza, "Huko kwenye vita na hapa ghalani, wapi kugumu?"

"Hapa," akasema. "Kule walikuwa wanaongea."

Alikuwa amewaona Osward na Masanja.

Osward ni Mfipa, mkubwa kidogo kwa umri, mwanakwaya wa parokia. Masanja ni Msukuma, familia yao ilihamia bondeni na ng'ombe, ana shingo kama ya fahali wao. Walikuwa hawajasalimiana tangu msimu wa nyuma, kisa Masanja alipanda ubao wa kupakilia lori kabla ya Osward wakati zamu ilikuwa ya Osward. Kisa ni hicho tu, wakuu. Sijaficha kitu.

Sasa Profesa akanipa cheo. Nikawa msaidizi wa utafiti, mimi wa darasa la sita.

Akanieleza sheria zake. Kila atakayehojiwa achague jina la bandia, mimi nilijaze kwenye fomu. Yeye hataki kujua majina halisi wala sura, asije akamtaja mtu kwa bahati mbaya, kwa hiyo atawahoji akiwa nyuma ya turubai. Mama Leonsia naye asijue nani kasema nini. Wakimaliza kuhojiwa, atawasomea wote kwa pamoja alichoandika, wakikubali atumie, wakikataa aache.

Nikaita makuli mmoja mmoja. Kuli mwenye ndevu mpaka kifuani akachagua kuitwa Sista Agripina. Nikaandika. Masanja akachagua Kamanda. Nikaandika.

Osward akafikiri sana, akasema, "Andika Masanja."

"Masanja yule?"

"Masanja wako wengi duniani. Nikisema vibaya, wamlaumu yeye."

Nikacheka, nikaandika. Hapo ndipo nilipokosea.

Wiki iliyofuata tukakaa kwenye magunia, Mama Leonsia mbele, Profesa akasoma. Sista Agripina alilalamikia maji ya kunywa. Kamanda alisifu uji wa ulezi. Kisha Profesa akasoma kwa sauti ya upole:

"Masanja anasema, mgongo wangu umekwisha. Nikiinua gunia naona nyota mchana. Sisemi, kwa sababu Mama akijua ataniondoa, na nina watoto wanne."

Osward akatazama paa. Masanja akajipapasa mgongo.

Mama Leonsia alivua miwani akaifuta kwa kitenge. "Masanja mwanangu," akasema, "mwili wote huo, kumbe unateseka."

Profesa akaangalia karatasi, akaangalia watu, akaelewa kwamba kuna Masanja wa kweli. Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Asubuhi yake Mama Leonsia akamletea Masanja kigoda, chupa ya dawa ya kuchua, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea midomo ya magunia. Ujira uleule, kazi ya kukaa. Na magunia aliyokuwa anabeba Masanja wakagawiwa wenzake. Osward akapata fungu kubwa.

Masanja angeweza kukataa. Hakukataa. Siku ya kwanza aliguna kidogo akiinama. Siku ya pili alitembea ameshika kiuno. Siku ya tatu alisahau, akashika tumbo. Na kushona hajui, magunia yake yalikuwa yanamwaga mahindi kama yana huzuni.

Nikamfuata Osward chooni. "Kaka, sema ni wewe."

"Nikisema, Masanja ataniuliza kwa nini nilitumia jina lake. Nitamjibu nini?"

"Sasa utakufa na gunia."

"Bora gunia."

Nikaenda kwa Profesa. Alikuwa anakula ugali na samaki, mgebuka. Nilipoanza tu, akaziba masikio kwa mikono yenye ugali.

"Usinitajie. Siri ya aliyesema ni yake. Nimefundisha hilo maisha yangu yote."

"Lakini kuna mtu anaumia."

Akashusha mkono mmoja. "Nieleze bila jina."

"Kuna mtu wa kwanza, mgongo mbovu, anabeba. Kuna mtu wa pili, mgongo mzima, anashona."

"Anayeshona ni mmoja tu hapa ghalani."

"Ndiyo shida yenyewe."

Akasukuma sahani. Chakula kilimshinda, na mimi nikakimaliza. Akasema anaweza kumwomba Mama Leonsia apunguze mizigo kwa wote, lakini kumtaja mtu hawezi, hata kama kazi yake ya mwisho itaharibika. Nilimwona mkaidi. Ila nilijua pia kwamba siri yangu naweza kumpa.

Alikwenda kuomba kweli. Mama Leonsia akakubali, lakini baada ya lori la siku hiyo, maana lilikuwa linawahi meli Kasanga.

Basi mchana wanapakia kwa haraka. Osward yuko katikati ya ubao, gunia begani, mgongo ukakwama. Hapandi, hashuki. Anatetemeka, ubao unatetemeka. Chini yake saruji. Kila mtu kaduwaa.

Masanja akatupa shazia. Alipanda ule ubao kwa hatua tatu, akalinyakua gunia akalirusha ndani ya lori, akambeba Osward mzimamzima begani.

"Shuka polepole," Osward akamwambia, "mimi si ndama."

"Ndama hana maneno mengi."

Ndiyo salamu yao ya kwanza tangu msimu wa nyuma.

Mama Leonsia akawa anawasubiri chini, mikono kiunoni. "Masanja. Mgongo umepona?"

Masanja anatazama kigoda. Na Osward, kichwa chini miguu juu, akasema, "Mama, Masanja mwenye mgongo ni mimi."

Nikageuka kumtazama Profesa. Alikuwa amelipa kisogo lori lote, vidole masikioni, anaimba wimbo wa kanisani ili asisikie.

"Kama wewe ndiye Masanja," Masanja akauliza, "mimi niliyekubeba ni nani?"

"Wewe ni yule wa zamu yangu ya ubao."

"Basi msimu huu panda wewe kwanza."

"Nipande na mgongo gani?"

Masanja alicheka mpaka ikabidi amweke chini.

Osward sasa anashona, na anashona vizuri. Wote walikubali maneno yao yatumike, na Profesa aliondoka na kazi yake nzima.

Nilichojifunza mimi ni hiki: kutunza siri ya mtu ni kazi nzito kuliko gunia, na mwenye siri peke yake ndiye anayeweza kukutua. Profesa angemtaja Osward siku ile, Osward angepata kigoda, lakini ghala zima lisingemwambia mtu ukweli tena.

Ila bado sina uhakika, wakuu. Ubao ule ungevunjika je? Ninyi mngekuwa Profesa, mngemtaja? Waliowahi kukaa na siri ya mfanyakazi mwenzao waje watuambie ilikuwaje.