Chanzo Kilichogoma Kutoka Mdomoni

Chuoni kwetu Tukuyu walimu wa biashara walichoka kudanganywa. Wanafunzi waliiagiza simu iwaandikie utafiti, na simu ikawatungia mpaka vitabu ambavyo havipo duniani. Basi wakaleta kipimo: siku ya kutetea utafiti unasimama mbele ya jopo, makaratasi unawaachia wao, na unataja vyanzo vyako vyote kwa mdomo, jina la ukoo la mwandishi kwanza, halafu jina lake, kisha mwaka. Ukikwama, umetunga. Ukiwa umetunga, unarudia mwaka mzima. Mimi niliishangilia sheria hiyo. Nilishinda maktaba wakati wenzangu wanachati, nikasema sasa tutajuana.

Utafiti wangu ulihusu wauza ndizi wa Lufingo na namna wanavyopatana bei na wenye malori. Vitabu vya maktaba vilijaa masoko ya Ulaya. Ndizi za Rungwe hakuna aliyezijali. Mpaka siku nilipoinama kwenye shelfu la chini kabisa nikatoa ripoti iliyopigwa kwa taipureta, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Ilikuwa na kila nilichotafuta: nani anapanga bei, na mkulima anapunjwa wapi. Nikarudi kwenye jalada nione mwandishi ni nani. Mungu wangu! Alikuwa baba mkwe wangu. Nilijua enzi zake alikuwa bwana ushirika, sikujua kama aliwahi kuandika kitu. Hata mume wangu hakujua.

Niliinukuu ripoti ile karibu kila sura, na kila mahali nikaweka rejea yake. Kuandika jina la mzee hakukunisumbua hata kidogo, na hapo ndipo nilipojidanganya.

Maana kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe. Kwa Kinyakyusa tunasema ukutila, kuogopa kwa heshima. Wengi wameshalegeza, pale Ibighi tunakopanga nawasikia wanawake wa rika langu wakitaniana na wakwe zao kwenye simu. Lakini nyumba ya wakwe zangu, kulekule Lufingo, bado inashika. Nikienda kusalimia napita nyuma, migombani, na chakula cha mzee anakipeleka mama mkwe. Tangu niolewe hatukuwahi kusemeshana. Niliyaona ni mambo ya wazee, nayafuata ili nisimuudhi mama. Mimi msomi, bwana.

Siku ya jopo nilivitaja vyanzo harakaharaka, kifua mbele. Nikafika kwenye ripoti. Mdomo ukagoma.

Sitanii. Jina lilikuwepo kichwani, zima, na herufi zake. Walimu walishtuka, lakini hakuna aliyeshtuka kama mimi.

“Endelea, binti,” akasema mwenyekiti wa jopo, mtu wa Tanga.

“Ni baba mkwe wangu,” nikasema.

Wakaangua kicheko wote. “Baba mkwe siyo jina la ukoo,” akasema. “Hiyo siyo rejea, hiyo ni familia.”

Nikawaeleza kwamba kwetu mkamwana hamtaji mkwewe, na kwamba ripoti ipo maktaba, waende wakaione. Mwenyekiti akatikisa kichwa.

“Kuwepo maktaba siyo kuisoma. Nusu ya utafiti wako imesimama juu ya mtu huyu, halafu humjui jina? Wenzako wote wametaja. Sema, au niandike umetunga.”

Umetunga! Mimi niliyekohoa vumbi la mashelfu yale! Hasira ikanipanda, nikaropoka, “Mwenyewe yu hai, mpigieni basi!”

Nilipofunga mdomo ndipo nikaelewa nimesema nini. Lakini mwenyekiti alishanyoosha mkono anataka simu yangu. Namba niliyokuwa nayo ni ya mama mkwe tu. Akapiga, akaweka spika.

“Mwanangu, mmeamkaje huko?” sauti ya mama ikajaa chumba.

Mwenyekiti akajitambulisha, akamweleza kwamba mkamwana wake anatakiwa ataje jina la mwandishi wa ripoti ya ndizi, amekataa, na kwa kukataa huko atarudia mwaka.

“Amtaje mzee?” mama akapiga ukelele. “Jamani mwalimu, mbona mnamtafutia aibu mtoto wa watu? Hawezi!”

Kisha tukasikia simu inahama mkono. Ikaja sauti ya kiume, nzito, ya taratibu.

“Mwanangu.”

Nilitazama mlango. Ningekuwa karibu nao ningekimbia, nakwambia kweli. Miaka yote ile, na neno lake la kwanza kwangu nalipokea mbele ya jopo la walimu.

“Ile kazi niliifanya kwa miguu, kilima kwa kilima,” akasema. “Niliowapelekea hawakuniuliza hata swali moja. Mtoto wangu wa kumzaa hajui kama ipo. Wewe umeisoma?”

“Nimeisoma, baba,” nikasema. Sikujua kama ni mimi niliyejibu.

“Yote?”

“Yote, baba.”

“Basi nitaje.”

Nikafumba macho. Nikalitoa jina la ukoo, halafu jina lake la kwanza, kama nilivyofundishwa, na sauti iliyotoka sikuitambua.

“Naam,” akaitika mzee.

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akauliza polepole, “Na mwaka?”

Mwaka niliutaja huku nalia.