Baba aliitwa mwongo kwa kusema jua lilizama mara mbili siku moja. Mwaka 2001 nikampeleka Zambia

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Ila nimeona kuna uzi watu wanabishana kuhusu kupatwa kwa jua, nikaona niwawekee kisa changu mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Natokea Itilima, upande wa Lagangabilili. Enzi hizo Itilima haikuwa wilaya na hakukuwa na mkoa wa Simiyu. Tulikuwa Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado kijana, nina mke na mtoto mmoja.

Baba yangu, Mzee Luhende, alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba. Lakini ukifika kijijini ukauliza Luhende, wengi wangekushangaa. Walimjua kwa jina la Bujiku.

Bujiku ni usiku kwa Kisukuma. Kwetu jina hilo hupewa mtu aliyezaliwa usiku. Baba alizaliwa saa sita mchana.

Alipewa kwa dhihaka, na sababu yake ni hii.

Enzi za mkoloni, baba akiwa mtoto wa kuchunga ndama, mjomba wake alimchukua safari ya kwenda kuleta ng'ombe kutoka kaskazini, mbele ya Musoma, karibu na mpaka wa Kenya. Walikwenda wawili tu. Wakati wa kurudi walikuwa na ng'ombe sita.

Siku moja alasiri, jua bado liko juu ya vilima, giza likaingia. Nyota zikatoka. Ng'ombe wakatawanyika. Baada ya muda mfupi jua likarudi, likakaa kidogo, halafu likazama kama kawaida yake.

Walitafuta ng'ombe siku mbili, wakapata wawili. Mjomba akashikwa na homa huko huko njiani, akafariki, akazikwa na wenyeji, na wale ng'ombe wawili wakabaki huko huko. Baba akarudishwa na wafanyabiashara, mtoto peke yake, hana mjomba, hana ng'ombe.

Walipomuuliza akasema, "Jua lilizama mara mbili."

Bahati mbaya siku hiyo huku nyumbani kulikuwa na wingu zito. Watu waliona kumefifia, wakadhani ni mvua. Hakuna aliyemwelewa.

Wajomba zake, ambao kwao ni Nassa kule ziwani, waliamua kwamba mtoto alilala, ng'ombe wakapotea, na ndugu yao akafa kwa kuhangaika kuwatafuta. Kuanzia hapo undugu ukakatika. Misiba yao hatukwenda, yetu hawakuja. Zaidi ya miaka hamsini.

Sasa hapa wakuu naomba nikiri jambo.

Na mimi sikumwamini.

Nikiwa mdogo nilipigana shuleni kwa ajili ya lile jina, lakini moyoni nilikuwa naona aibu. Nikaenda chuo cha ualimu, nikasoma kupatwa kwa jua. Nikarudi nikawa nafundisha, nachora duara tatu ubaoni, jua, mwezi, dunia, watoto wananakili. Na siku hata moja sikuwahi kuunganisha zile duara na baba yangu. Yeye alisema "lilizama", kitabu kilisema "lilipatwa". Kwangu vilikuwa vitu viwili tofauti.

Mwanzoni mwa 2001 nikasikia kwenye redio kwamba mwezi wa sita jua litapatwa kamili kusini mwa Afrika, na Zambia litaonekana vizuri. Mtangazaji akaeleza kwamba litakuwa giza mchana, nyota zitaonekana, kuku wataingia bandani.

Nilikuwa nakula. Chakula kikanishinda.

Kesho yake nikaenda kwa baba. Nilimkuta anafunga mlango wa zizi. Wakati huo macho yalikuwa yameanza kumwacha, mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa jeupe kabisa, la kushoto alikuwa anaona kama mtu aliye ndani ya moshi.

Nikamweleza. Akamaliza kufunga mlango kwanza, ndipo akauliza.

"Giza kabisa, au la nusunusu?"

"Kabisa, baba."

"Hapa kwetu?"

"Hapa litamegwa tu. Giza lenyewe liko Zambia."

"Twende," akasema. Kisha akaongeza, "Mimi sitaona vizuri. Nataka ukaone wewe."

Mipango ikaanza. Ramani ilikuwa ile ya ukutani shuleni. Nikaazima, nikapima njia kwa uzi. Ulikuwa wakati wa soko huria, mabasi ya watu binafsi yamejaa kila njia, kwa hiyo kufika Mbeya niliona inawezekana. Baada ya Mbeya nilikuwa nakisia tu. Likizo ya mwezi wa sita ilikuwa inaangukia vizuri.

Baba akapeleka dume mnadani. Hapo ndipo kaka yangu Maduhu alipokuja juu.

"Mnauza ng'ombe mkaangalie giza? Si msubiri saa moja jioni, lipo bure!"

Watu walicheka. Hata mimi, wakuu, nilicheka kidogo.

Aliyemaliza ubishi ni mama. Alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu, akasema bila kugeuka, "Nimeishi na mtu anayeitwa mwongo tangu nikiwa msichana. Mpelekeni." Kisha akatufungia mfuko mzima wa hiyo michembe kwa safari.

Tukaenda Shinyanga mjini kutafuta hati ya dharura ya kusafiria. Afisa akamuuliza baba anakwenda Zambia kufanya nini. Baba akamjibu, "Kuona usiku."

Afisa akanitazama mimi. Nikaeleza kimwalimu, nikamchorea na duara zangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akagonga muhuri, akasema tukirudi tupite tumsimulie. Hatukupita, najuta mpaka leo.

Safari yenyewe sitaieleza yote. Dodoma, Iringa, Mbeya, Tunduma. Miguu ya baba ilivimba. Iringa alitetemeka baridi mpaka nikamnunulia koti la mtumba, la kike, lina vifungo vikubwa. Hakujua ni la kike na mimi sikumwambia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tangu jana yake tulikuwa kwenye basi ndani ya Zambia, na kwa hesabu zangu tungefika tunapotaka asubuhi na mapema. Alfajiri basi likafa. Injini kabisa. Kondakta akasema lingine linakuja, saa zikaanza kwenda, na jua lingepatwa alasiri.

Nilichanganyikiwa. Pale tulipokuwa, jua lisingefunikwa lote. Nilijua hivyo kwa ramani. Kukosa kwa kilomita chache ni kukosa. Nikasimama barabarani kusimamisha malori kama kichaa.

Mwisho likasimama lori la mahindi. Dereva alikuwa Mtanzania, Mnyakyusa. Nilipomwambia shida yetu akamwangalia baba na lile koti.

"Huyu mzee ametoka Bariadi kwa ajili ya hili?"

"Ndiyo."

"Pandeni. Nitakanyaga."

Na kweli alikanyaga. Tukiwa bado ndani ya lori jua likaanza kumegwa. Tulipita Kabwe, na mbele kidogo kwenye kisoko cha barabarani dereva akasimamisha mwenyewe, akazima injini. Watu walikuwa wamejaa. Mama mmoja muuza nyanya akaniazima miwani ya karatasi, ile maalumu.

(Kwa wanaosoma, msije mkaangalia jua kwa filamu ya x-ray au miwani ya kawaida. Macho hayana spea.)

Nikamkalisha baba kwenye gunia. Nikawa nachungulia juu, namweleza. Limebaki nusu. Limebaki kama mwezi mwandamo. Mwanga ukawa wa ajabu, siyo wa jioni, jioni huwa na wekundu. Huu ulikuwa kama umetiwa majivu.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwa anaangalia chochote. Akasema, "Sasa baridi."

Na baridi ikaja. Nikaisikia kwenye mikono.

"Sasa ndege watanyamaza."

Wakanyamaza.

"Angalia kule chini, mwisho wa nchi. Patakuwa na wekundu pande zote."

Nikageuka. Wakuu, kulikuwa na machweo pande zote nne. Kitabu changu cha darasa la sita hakikuandika hilo. Redio haikusema. Baba yangu, ambaye hajasoma hata darasa moja, alikuwa ananisimulia jambo kabla sijaliona.

Halafu likafunikwa.

Nimejaribu mara nyingi kueleza na nashindwa. Pale palipokuwa na jua palikuwa na shimo jeusi, na kuzunguka shimo kuna nywele nyeupe zimesimama. Watu walipiga kelele, wengine waliimba. Dereva wetu alivua kofia.

Mimi nilipiga magoti mbele ya baba. Sikuamua, nilijikuta tu. Nikamwambia, "Baba, nisamehe."

Akauliza, "Nyota ngapi?"

Nikatazama. "Naona mbili."

"Sisi tuliona nyingi," akasema, na nikamwona anafurahi kabisa kwamba yake ilizidi.

Jua lilipochomoza tena upande mmoja, jogoo wa pale sokoni akawika, watu wakacheka. Baba akafuta macho kwa mkono wa lile koti. Akasema, "Siku ile hakuna aliyecheka."

Tukarudi nyumbani.

Nilikuja kifua mbele. Mimi mwalimu, nimeona kwa macho yangu, nani atabisha? Nikaita watu, nikachora, nikaeleza. Wakasikiliza kwa adabu. Halafu mzee mmoja akasema, "Mwalimu, hata hapa tuliangalia kwenye maji ya beseni. Jua lilimegwa kipande, basi. Nyota hatukuona." Na mwingine akasema pembeni, lakini nikasikia, kwamba ukoo wetu una hadithi nzuri.

Iliniuma vibaya. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Lakini yeye safari yake haikuwa imeisha. Wiki iliyofuata akasema, "Twende Nassa."

Kule alikuwepo Mzee Nkuba, mtoto wa yule mjomba aliyefia njiani. Baba yake alipoondoka, yeye alikuwa mdogo kuliko hata baba yangu. Tulimkuta anatengeneza wavu nje ya nyumba yake. Tulijitambulisha. Mikono ikasimama kwenye wavu. Akatupatia viti.

Nikaanza maelezo yangu. Mwezi unapita hapa, kivuli kinaanguka pale. Nikasema nimeshuhudia Zambia, na aliyoyasema baba siku ile yote ni kweli. Niliongea muda mrefu.

Mzee Nkuba hakuniangalia hata kidogo. Nilipomaliza akamgeukia baba.

"Giza lilipoingia, baba yangu alisema nini?"

Baba akainua uso kuelekea sauti yake.

"Mimi nilikuwa nakimbia, nalia," akasema baba. "Yeye alikuwa ameshika kamba za ng'ombe. Akaziachia. Akanikamata, akanilaza chini, akanifunika kwa mwili wake. Akasema, 'Ng'ombe watapatikana. Wewe tulia.' Akawa ananitajia majina. Jina la mama yako. La kwako. La dada yako. Anayarudia, mpaka kulipokucha."

"La kwangu alilitaja?"

"Alianza nalo."

Mzee Nkuba akaweka wavu chini. Akajifunika uso kwa viganja, akalia kama mtoto. Baba akasogeza kiti chake, akipapasa njia kwa mkono, wakakaa bega kwa bega.

Nikamuuliza baba njiani, kwa nini hilo hakuwahi kulisema? Sisi wanawe hatukulijua. Akanijibu, "Kila mtu aliniuliza ng'ombe wako wapi. Na wewe uliniuliza jua."

Mwaka uliofuata Mzee Nkuba alimpeleka baba Mwanza, kwa kuuza ng'ombe wake mwenyewe, akatolewa mtoto wa jicho la kushoto. Wakaishi kama ndugu mpaka baba alipofariki. Mzee Nkuba ndiye aliyeongea makaburini.

Nilichojifunza, wakuu, siyo sayansi. Nilidhani baba anahitaji ushahidi, nikamzungusha nchi mbili kuutafuta. Nilipoupata, kijiji hakikuuamini, na mwenye uchungu hakuuhitaji. Alihitaji mtu amsimulie kuhusu baba yake. Na aliyekuwa nayo hiyo habari alikuwa amekaa miaka yote hatua chache kutoka mlangoni kwangu, hakuna aliyemuuliza swali sahihi.

Kama una mzee nyumbani ambaye kuna habari yake mmezoea kuicheka, leo mpigie au mkalie karibu. Usimbishie, usimsahihishe. Muulize ilikuwaje, umwache amalize.

Nipo, nasoma majibu yenu yote. Na kama kuna mtu wa Mara au Ukerewe ambaye wazee wake walisimulia lile giza la zamani, tafadhali andika hapa walisema nini. Hata kama ni kidogo.