Misumari ya Jumamosi

Siku nyingine zote vidole vya yule mzee Mhindi wa duka la vyuma vilikuwa vyekundu kwa kutu. Jumamosi vilinukia mafuta ya ufuta ya taa yake ndogo ya udongo. Alipanga mafungu tisa ya nafaka juu ya kaunta, fungu kwa kila sayari, kisha akawaimbia miungu wa sayari hizo wamlinde yeye na watu wake, akiwataja watu hao mmoja mmoja kwa majina. Akifika kwa Shani, mungu wa sayari ya Zohali, sauti yake ilishuka mpaka kifuani, na ushanga wake wa sala ukapita vidoleni polepole. Ukimkatiza, anaanza upya. Na kwa heshima ya Shani, Jumamosi hauzi chuma, hata kipande cha waya. Mtaa mzima wa Kaloleni ulijua.

Dorca pia alijua, lakini shida haina Jumamosi. Upepo wa ziwani ulikuwa umeng'oa mabati ya chumba walimolala wanawe, na wingu jeusi lilikuwa limeshatanda juu ya Kisumu. Akaingia dukani, akamkatiza mzee katikati ya wimbo wake.

"Mzee, nisaidie misumari tu. Mvua hiyo inakuja."

"Chuma hapana uza leo, mama." Akalitazama wingu. Akavitazama viatu vya Dorca, tope tupu. "Jina yako nani?"

"Dorca." Alidhani ni la kuandika kwenye risiti.

Mzee akafunga misumari kwenye gazeti, akamtia mikononi. "Kuuza, Shani kataza. Kupa bure, yeye penda sana."

Akaushika ushanga, akaanza upya. Dorca alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia, katikati ya maneno asiyoyajua, jina lake.